UZI: Ufeministi kwenye meza ya afisa ustawi wa jamii, siyo kwenye makongamano

Kalamu ya Halmashauri (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Wiki iliyopita kuna uzi humu ulijaa matusi kuhusu mafeministi kuharibu ndoa za watu. Niliusoma mpaka nikachoka. Pande zote mbili zilikuwa zinaongelea watu wa kwenye runinga na mitandaoni, na hakuna hata mmoja aliyegusa mahali ambapo nadharia ya ufeministi inafanya kazi bila kelele: ofisi za ustawi wa jamii, dawati la jinsia la polisi, hospitali, nyumba salama. Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri mojawapo Kanda ya Ziwa. Ni mwanaume, nimeoa, na nadharia hiyo naitumia kila siku kama fundi anavyotumia futi kamba. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Chukueni kesi ya kawaida kabisa (nimeichanganya kutoka kesi nyingi, msianze kumtafuta mtu). Mama anafika na barua ya mtendaji imeandikwa "mgogoro wa ndoa, tunaomba muwasuluhishe". Kaja na mume, na mume kaja na kaka yake. Hujamaliza hata kusalimia, mume ameshaanza kujieleza. Anaongea kwa mpangilio, anakuita mheshimiwa, anakubali kwamba "hasira zilimzidi siku ile". Mke amekaa ukingoni mwa kiti, kamfunika mtoto khanga mpaka kichwani na joto lote hili. Ukimgeukia, "Mama, na wewe unasemaje?", anajibu: "Ni kama alivyosema baba Neema."

Kwa utaratibu wa kizamani hapo kazi imeshaisha. Mume ni msikivu, mke hana neno, mnawapa nasaha, wanasaini, wanaondoka. Faili linafungwa na takwimu ya robo mwaka inapendeza: mashauri yaliyosuluhishwa, moja.

Sasa nadharia inaingia wapi? Mwishoni mwa miaka ya 60 wanawake wa Marekani walikuwa wanakaa vikundi vidogo majumbani, kila mmoja anasimulia ya kwake, na wakagundua kwamba yale ambayo kila mmoja aliyaona ni bahati mbaya yake yanafanana mno kuwa bahati mbaya. Carol Hanisch aliandika makala mwaka 1969 kuhusu hilo, na kutoka hapo ikaenea ile kauli kwamba mambo ya binafsi ni ya kisiasa. Mwaka 1971 Erin Pizzey akafungua nyumba ya wanawake waliokimbia vipigo kule Chiswick, London. Miaka kumi baadaye, kwenye mji mdogo wa Duluth jimboni Minnesota, akina Ellen Pence wakaanza mradi wa kuunganisha polisi, mahakama na huduma za jamii ili mama asiwe anazungushwa.

Hao wa Duluth ndio waliochora lile gurudumu la mamlaka na udhibiti ambalo ukihudhuria semina yoyote ya ukatili lazima ulikute ukutani. Walilichora mwaka 1984 kutokana na simulizi za wanawake waliokuwa kwenye vikundi vyao. Na ukiliangalia vizuri, kipigo kiko kwenye tairi, pembeni kabisa. Ndani ndiko kuna mambo yenyewe: kumtisha, kumtenga na ndugu zake, kushika hela zote, kuwatumia watoto, kumdhalilisha, kukana kwamba kuna kilichotokea. Katikati ni mamlaka. Kipigo kinakuja mara moja moja kukumbushia tu.

Ukilielewa hilo, maswali yako yanabadilika. Unaacha kuuliza "mligombana nini?" Unauliza: hela ya mboga anatoa nani, na asipotoa unafanyaje? Ukitaka kwenda msibani kwenu inakuwaje? Simu yako nani anaijua namba ya siri? Ukisema hapana usiku, asubuhi yake nyumba inakuwaje? Wanawake wanaosema "hanipigi sana" hufunguka kwenye hilo la msiba. Nimeona mara nyingi mno.

Halafu kuna maswali ya hatari, ambayo chanzo chake ni muuguzi, Jacquelyn Campbell, aliyetengeneza kipimo chake miaka ya 80 baada ya kufuatilia wanawake waliouawa na wenzi wao. Amewahi kukukaba shingo? Kuna silaha ndani? (Kule kwao ni bunduki, huku uliza panga na shoka, na uliza vinalala wapi.) Ametamka kwamba atakuua au atajiua? Vipigo vimeongezeka karibuni? Na kubwa kuliko yote: una mpango wa kuondoka, na yeye anaujua? Maana hatari hupanda pale mwanamke anapoondoka au anapotangaza kwamba anaondoka. Watu wanaosema "si aondoke tu" hawajui wanamwambia afanye nini.

Haya yote huwezi kuyauliza mume na shemeji wakiwa wamekaa pale. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ambalo ufeministi umelibadilisha kwenye kazi yetu ni mpangilio wa viti. Kila mtu anasikilizwa peke yake, mke anaanza. Watu wanadhani nadharia ni maneno makubwa, kumbe wakati mwingine ni kujua nani atoke nje.

Naomba kuwasilisha. Nitaendelea, nina mteja.

Mzee wa Barazani

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini nakuuliza kwa heshima. Minnesota na Usukumani wapi na wapi? Sisi tuna mshenga, tuna shangazi, tuna wazee wa pande mbili. Mume akimpiga mke, mke alikwenda kwao, wazee wanakaa, mume anapigwa faini, anarudishiwa mkewe. Nyumba zimesimama hivyo miaka na miaka. Leo kijana wa chuo anakuja na gurudumu la Wazungu.

Kalamu ya Halmashauri

Shikamoo mzee. Naomba nikujibu kwa urefu maana swali lako ni la maana kuliko matusi ya ule uzi mwingine.

Kwanza, Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko. Ni 1971. Duluth walikuwa hawajaanza. Kwa hiyo hili la kutopiga mke hatukuletewa na semina.

Pili, TAMWA ilianza mwaka 1987 na akina mama waandishi wa habari wa hapahapa. Kampala, shirika la Raising Voices lilitengeneza mpango unaoitwa SASA!, ambao hautumii lugha ya haki peke yake bali unauliza jamii nzima, wanaume wakiwemo, kuhusu matumizi ya nguvu: nguvu juu ya mtu, nguvu ya pamoja, nguvu ya ndani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kwenye mitaa iliyofanyiwa mpango huo, vipigo vya wenzi ndani ya mwaka vilikuwa pungufu kwa karibu nusu ukilinganisha na mitaa mingine. Leo unatumika nchi nyingi duniani. Yaani hapo Wazungu ndio wanajifunza kwetu.

Tatu, hapo nakubaliana nawe zaidi kuliko unavyodhani. Mwanazuoni wa Kinigeria, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, aliandika mwaka 1997 kwamba kwa Wayoruba wa zamani umri na ukubwa ndani ya ukoo vilikuwa na uzito kuliko kuwa mwanamke au mwanaume. Wapo wanaompinga, lakini kwangu imenisaidia ofisini. Shangazi wa mume anaweza kumtuliza mume kuliko mimi na mhuri wangu. Na mama mkwe anaweza kuwa ndiye mtesaji mkuu na gurudumu lisimwone kabisa. Kwa hiyo siku zote nauliza nani mkubwa kwenye hiyo nyumba, simwangalii mume pekee.

Ila mzee, hiyo faini alikuwa analipwa nani? Baba yake mwanamke. Aliyepigwa alirudi na nini?

Mzee wa Barazani

Marahaba. Hilo la faini nitalifikiria.

Fundi Rangi

Na sisi wanaume tunaopigwa? Au nadharia yenu haituoni? Nilikwenda dawati kuripoti, askari akacheka mbele ya watu.

Kalamu ya Halmashauri

Pole sana mkuu, na sikutanii. Aliyekucheka amekucheka kwa sababu anaamini mwanaume halisi hapigwi. Imani hiyohiyo ndiyo inayomwambia mwanaume mwingine ampige mkewe ili aonekane mwanaume. Ufeministi unaikataa imani hiyo popote ilipo, hata watu wakitafsiri vingine.

Na usidhani Duluth hawajajikosoa. Ellen Pence mwenyewe mwaka 1999 aliandika kwamba walikwenda kwa wanaume wakiwa tayari na jibu, kwamba kila mpigaji anataka mamlaka, wakawa wanalisikia hata pale ambapo wanaume wale hawakulisema. Mtu aliyejenga kitu na akakifungua mwenyewe hadharani namheshimu. Kwa hiyo mimi swali langu la kwanza si nani mwanamke hapa. Nauliza nani anamwogopa nani. Nani akisikia pikipiki inaingia uani, tumbo linamkata. Kwenye mafaili yangu walio wengi ni wanawake, lakini wewe ukija utaulizwa maswali yaleyale, na ya shingo pia.

Wakili Mtoro

Nimepita kimyakimya lakini hapa kwenye usuluhishi naomba niongeze nyama, maana watu wengi hawaijui sheria.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinasema huwezi kupeleka maombi ya talaka mahakamani kabla hujapita baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa. Ndiyo maana kina mama wanazungushwa kata, BAKWATA (baraza la Waislamu), kanisani, ustawi. Lakini kifungu hichohicho kina misamaha: mwenza katoroka na hajulikani aliko, yuko nje ya nchi, kaitwa kagoma kwa makusudi, kafungwa miaka mingi, ana ugonjwa wa akili usiotibika. Na wa mwisho, aya ya (f): mahakama ikiridhika kwamba kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane.

Kipigo hakikutajwa kwa jina, ndiyo. Lakini mlango uko hapo, na unagongwa mara chache mno. Mwanamke aliyekabwa shingo juzi, kumkalisha meza moja na mkabaji ili "wayamalize" naliita mazingira yasiyo ya kawaida. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilisema mwaka 2015 kwamba kesi za ukatili zisipelekwe kwenye usuluhishi kabisa. Usuluhishi unadai watu wawili wanaoweza kuambiana hapana. Kama mmoja akisema hapana anavunjwa taya, hapo hamsuluhishi, mnatayarisha masharti ya yule mwenye nguvu.

Jambo jingine la kuwapa maafisa ustawi: andikeni vizuri. Nimepokea mafaili yameandikwa "kulitokea kutoelewana". Hakimu afanye nini na hiyo? Andika nani alimfanyia nani nini, tarehe ngapi, kwa kitu gani, alama iko wapi mwilini, PF3 (fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa) ilitolewa kituo gani. Kifungu cha 107 kinautambua ukatili, wa mwili na wa akili, kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Lakini lazima mtu awe ameuandika.

Bint Mkunazini

Wakili usitoroke bado, waambie na ile ya Bi Hawa.

Wakili Mtoro

Haha. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Alikuwa mama wa nyumbani. Mume akasema nyumba imejengwa kwa mshahara wangu, yeye kachangia nini? Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakasema kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Kwa wakati ule lilikuwa jambo zito sana, mahakama nyingine zilikuwa zimegawanyika.

Watu husimulia mpaka hapo wakapiga makofi. Mwisho wake ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mume alikuwa amempa fedha za kufanyia mradi wa familia, hazikuleta faida, na mahakama ikaona fungu lake alishalila. Akaacha haki ambayo wenzake wanaitumia mpaka leo.

Bint Mkunazini

Ndo nliotaka wasikie. Mie nafanya kazi za ushauri nasaha huku Unguja. Sisi tuna vituo vya Mkono kwa Mkono, cha mwanzo kilianza Mnazi Mmoja mwaka 2011. Daktari, askari na mshauri wako pahala pamoja, mtoto hahadithii mara nne kwa watu wane. Wazo ni hilo hilo la Duluth la kuunganisha huduma, lakini pia ni adabu tu ya kawaida, mtu asivuliwe nguo kila mlango.

Shida yetu haiko kituoni. Iko baada. Kesi inafika, halafu familia zinakutana usiku, aliyefanya ni mtoto wa ami, "tusitiriane". Asubuhi mama anakuja kuifuta. Hapo nadharia inakwambia umuulize mwenyewe anataka nini, umuheshimu. Kwa mtu mzima sawa. Lakini kama aliyedhalilishwa ni mtoto, mama hana ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake. Hapo nimegombana na mafeministi wenzangu wanaohubiri hiari ya mama bila kuuliza hiari ya nani.

Mwalimu Kivu

Jambo wapendwa, mie naandika kutoka Bukavu. Huku kwetu Panzi, hospitali ya daktari Mukwege iliyoanza 1999, walifika kwenye jambo hilo kupitia vita. Mwanzo ilikuwa ni kushona na kutibu tu. Baadaye wakaona mama anapona mwili anarudi kijijini bila mume, bila shamba, anavunjika tena. Ndipo huduma ikawa na nguzo nne: matibabu, roho, sheria, na kazi ya kumpa mkate. Hiyo ya nne ndiyo wafadhili hupenda kidogo zaidi.

Dada wa Vikoba

Mwalimu Kivu umegusa penyewe. Njoo Mwanza uone. Kulikuwa na utafiti, MAISHA, kwa wanawake wa vikundi vya mikopo: vikundi vingine vikapewa mafunzo ya vikao kumi kuhusu mahusiano, jinsia na ukatili. Matokeo yalitoka 2019: waliopata mafunzo walipigwa kidogo kuliko wenzao wenye mkopo peke yake. Halafu mafunzo hayohayo wakapewa wanawake ambao hawamo kwenye vikundi vya mikopo. Mtazamo ulibadilika, kipigo hakikupungua. Mimi nasoma hivi: kujua haki yako huku unaomba hela ya chumvi hakukufikishi mbali.

Na kuna upande wa pili ambao maafisa ustawi hawaugusi. Mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, fedha anapewa mama, safi. Lakini masharti ya kliniki na ya mahudhurio ya shule nani anayatimiza? Mamaye huyohuyo. Anakwenda foleni ya kliniki, anakwenda kikao cha shule, anakwenda siku ya malipo. Baba jina lake halimo kwenye kazi yoyote. Tumemsaidia mama kwa kumwongezea kazi tatu.

Kalamu ya Halmashauri

Nimerudi. Dada wa Vikoba, hilo nalichukua. Kwenye ripoti zetu kuna safu ya "wanufaika wanawake" na ikiwa ndefu tunapongezwa. Hakuna safu ya saa alizotumia.

Niongeze moja kuhusu hiari ya mteja, maana hapo ndipo wengi tunapokwama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 58 kati ya 100 wanakubali kwamba kuna sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Wanaume waliokubali ni 40 kati ya 100. Yaani mama anayeketi mbele yako huenda anaamini alistahili. Wengine wanasoma hiyo na kusema "unaona, wanawake wenyewe". Mimi nasoma kwamba yule anayeishi ndani ya kitu amekitafutia sababu ili aweze kulala. Simhubirii. Nikimhubiria nimekuwa mwanaume wa pili siku hiyo anayemwambia afikirie nini. Namuuliza tu: binti yako akiolewa, akifanyiwa hivi, utamwambia nini? Halafu nanyamaza, hata ikichukua dakika nzima.

Na wengi hawataki mume afungwe. Wanataka aache, na atoe matumizi. Mwanzoni mashirika yalikuwa yanawaona hawa kama wamekataa kusaidiwa. Kimberlé Crenshaw aliliona mapema. Mwaka 1991 aliandika kuhusu nyumba salama za Marekani zilizomkataa mwanamke kwa sababu hajui Kiingereza, eti hatashiriki vikao vya kikundi. Huduma ilijengwa kwa mwanamke wa aina moja, wa aina nyingine akaachwa mlangoni. Kwangu mwanamke wa aina nyingine ni yule wa kisiwani ambaye mume ndiye mwenye mtumbwi. Ukimfunga mume umefunga na mtumbwi.

Afisa Mpya

Samahani wakuu, naomba msaada wa vitendo. Nimemaliza Chuo cha Ustawi pale Kijitonyama, nimepangiwa kata ya mbali. Ofisi ni chumba kimoja, dirisha halina kioo, mtendaji yuko upande wa pili wa ukuta na anasikia kila kitu. Hayo ya kumsikiliza mke peke yake nafanyaje? Nikimwambia mume toka nje atajua, jioni mke ataeleza alichosema.

Kalamu ya Halmashauri

Karibu kazini. Usimtoe, mtume. Mwambie faili linahitaji kopi ya cheti cha ndoa na ya kitambulisho cha NIDA, duka la kopi liko wapi, aende. Shemeji naye aandike maelezo yake kama shahidi, kwenye benchi la nje, mbali na dirisha. Mke ukamsikilizie kliniki ukiweza, nesi anapima mtoto na wewe uko pale, hakuna atakayeshangaa. Alichokwambia kiandike kwenye karatasi tofauti, usiibane kwenye faili lile mume atakalosaini. Usimpe kipeperushi. Namba yako isikae kwenye simu yake kwa cheo chako, aiandike kwa jina la mtu wa kikoba. Ukirudi kwenye kikao cha wote, usitumie neno hata moja aliloliongea mkiwa wawili.

Afisa Mpya

Asante sana mkuu. Na mume akisema cheti hana, walifunga ndoa ya kimila?

Kalamu ya Halmashauri

Basi akachukue barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti hapatikani kirahisi.